Kumsaidia mwanamke mwenye ulemavu anayefanyiwa ukatili nyumbani: mwongozo hatua kwa hatua

Mwanamke anayepigwa nyumbani huambiwa haraka: ondoka. Lakini kama anayempiga ndiye anayemnyanyua kitandani asubuhi, anayempimia dawa na kumsaidia kwenda chooni, neno hilo moja halimfikishi popote. Akiondoka usiku huu, kesho asubuhi nani atamwogesha? Dawa atampa nani? Na huko anakokimbilia, kiti mwendo chake kitapita mlangoni?

Kazi inaanzia kwenye maswali hayo, na ndiyo yanayosahaulika zaidi. Watu wenye nia njema humpeleka mwanamke mahali salama, baada ya muda mfupi anarudi kwa mtesi wake, nao wanabaki kumlaumu kwamba hajitambui. Wangemuuliza, huenda angewaambia kwamba kule hakukuwa na mtu wa kumgeuza usiku asipate vidonda vya mgandamizo.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliye karibu naye: ndugu, rafiki, jirani, muuguzi, mwalimu, ofisa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini. Si lazima uwe mtaalamu ndipo uanze.

Hatua ya 1: Utambue ukatili usioacha alama

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wake, au ukatili wa kingono na mtu mwingine. Kwa mwanamke mwenye ulemavu hatari ni kubwa zaidi, na huwa na sura ambazo jicho lisilozoea halizioni.

Chukua mfano wa mwanamke anayetumia kiti mwendo. Kila usiku mumewe akishamlaza, anakisogeza kiti hadi upande wa pili wa chumba. Ukiuliza, utaambiwa ni kupisha njia. Hatua tatu tu kutoka kitandani, lakini kwake ni mlango uliofungwa kwa ufunguo. Hakuna kofi lililopigwa na hakuna jeraha la kumwonyesha daktari. Hata hivyo, kuanzia saa ile hadi mumewe atakapoamua kumwamsha, mwanamke huyu amefungiwa.

Ukatili wa namna hii una mifano mingi. Kuchomoa betri ya kiti cha umeme. Kuficha fimbo nyeupe, au kupanga upya samani bila kumwambia asiyeona ili ajikwae. Kumnyang'anya kiziwi simu, ambayo ndiyo njia yake ya kuzungumza na watu. Kumnyima dawa, au kumzidishia ili ashinde amelala. Kumwacha kwenye nguo zilizolowa mkojo kama adhabu. Kumshikashika wakati wa kumwogesha na kudai kwamba ni usafi. Kuchukua fedha zake za msaada na kusaini kwa niaba yake. Kumlazimisha dawa za uzazi wa mpango, au kumfunga kizazi bila ridhaa yake. Kumtishia kwamba akisema atapelekwa kwenye kituo cha kulelea, au atanyang'anywa watoto kwa kuwa "hawezi kulea".

Mtesi pia si mume peke yake. Anaweza kuwa mama mzazi, kaka, wifi, mtoto mkubwa au msaidizi anayelipwa. Ukimtafuta mume tu, wengine watakupita mbele ya macho.

Hatua ya 2: Pata nafasi ya kuzungumza naye peke yake

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu mtesi huwa kando yake akijibu maswali: "Yeye hasikii vizuri, niulize mimi." Msaidizi anayekataa katakata kutoka chumbani ni dalili ya kutazamwa kwa makini.

Usimfukuze kwa namna itakayomshtua, maana hasira yake haitakuangukia wewe. Kituo cha afya au ofisi iwe na utaratibu wa kumwona kila mteja peke yake kwa dakika chache, na aambiwe kwamba ni kanuni ya wote. Kama wewe ni jirani au ndugu, tumia nafasi zilizopo: kumsindikiza kliniki, kusukana nywele, kumsaidia kujaza fomu. Na mkishakuwa peke yenu, kabla hajaanza kusimulia mwambie ukweli mmoja: kama kazi yako inakulazimisha kisheria kutoa taarifa za aina fulani, ajue mapema, achague la kusema. Kumwahidi siri usiyoweza kuitunza kutaua uaminifu siku utakapouhitaji kuliko siku zote.

Hatua ya 3: Mawasiliano yawe yake

Usimtumie mume, ndugu wala mtoto kuwa mkalimani. Mkalimani wa familia anaweza kupunguza, kuongeza au kugeuza maneno, nawe hutajua. Kwa mtoto, kutafsiri mateso ya mama yake ni jeraha jingine.

Kwa mwanamke kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama aliyefunzwa, na kwanza muulize mwanamke kama anamfahamu. Jamii za viziwi mara nyingi ni ndogo; mkalimani anaweza kuwa rafiki wa mume. Mwanamke akikubali na kama mtandao wa intaneti unaruhusu, mkalimani wa mbali kwa video huondoa tatizo hilo. Usidhani kuandika kunatosha, kwani viziwi wengi lugha yao ya kwanza ni ya alama na maandishi kwao ni lugha ya pili. Mkiwa mnazungumza kwa alama, kaeni mahali ambapo hamuonekani kupitia dirishani. Mazungumzo ya alama husomeka kutoka mbali.

Kwa asiyeona, jitambulishe, taja kila aliyemo chumbani na useme mtu akiingia au kutoka. Kama simu yake inasoma maandishi kwa sauti, ujumbe wako wa siri unaweza kusomwa nyumba nzima isikie, kwa hiyo mkubaliane saa ya kuwasiliana na atumie spika za masikioni.

Kwa mwenye ulemavu wa akili, tumia sentensi fupi na swali moja kwa wakati, kisha subiri. Kimya kirefu huwa ni kufikiri. Uliza wazi, "Nini kilitokea?", wala usimpe jibu mdomoni kwa kuuliza, "Alikupiga, siyo?" Ukilirudia swali lile lile anaweza kudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, akalibadilisha ili akuridhishe, na mahakamani itaonekana anajichanganya. Tarehe zikimshinda, shikiza tukio kwenye jambo analolijua: kabla ya kulala au baada ya kuamka, kabla ya msiba au baada.

Kwa asiyezungumza, ubao wa picha au programu ya mawasiliano lazima iwe na picha za sehemu zote za mwili, pamoja na maneno kama "piga", "shika", "sitaki" na "naogopa". Mbao nyingi zina chakula, choo na televisheni tu. Aliyezitengeneza hakufikiri kwamba mwenyewe anaweza kuwa na jambo la kushtaki.

Na kwa mwenye tatizo la afya ya akili, anza kwa kumwamini. Mtesi huwa ameshaandaa utetezi: "Mnamjua huyu, kichwa hakijatulia." Ugonjwa haumfanyi mtu kuwa mwongo, na ukatili wenyewe huuchochea ugonjwa.

Hatua ya 4: Sikiliza, kisha umwambie hivi

WHO imewaelekeza wahudumu wa afya mambo matano ya mwanzo: kusikiliza bila kuhukumu, kuuliza mahitaji yake, kumthibitishia kwamba anaaminika, kuimarisha usalama wake, na kumuunganisha na msaada. Mtu yeyote anaweza kuyafuata.

Maneno yawe machache. "Nakuamini." "Si kosa lako." "Ulemavu wako haumpi mtu ruhusa ya kukufanyia hivi." Hilo la tatu usiliache. Wanawake wengi wameambiwa miaka na miaka kwamba wao ni mzigo na washukuru hata kupata mume, na wengine wamekubali kwamba mateso ndiyo bei ya kuhudumiwa.

Usimuulize kwa nini alikaa kimya. Muulize: "Ungependa nini kifanyike kwanza?" Kisha ulichukue jibu kama lilivyo, hata kama ni dogo kuliko ulivyotarajia. Pengine anataka tu simu iliyofichwa mahali.

Hatua ya 5: Pima hatari

Uliza kwa upole lakini waziwazi: mtesi amewahi kumkaba koo? Ametishia kumuua au kujiua? Ana silaha? Vipigo vimeongezeka siku za karibuni? Mwanamke ana mimba? Amejua kwamba mwanamke anapanga kuondoka? Kukabwa koo kusichukuliwe kama kipigo cha kawaida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye. Aliyekabwa apelekwe hospitali hata kama shingo haina alama, kwani mishipa inaweza kuumia ndani na madhara yakajitokeza baadaye.

Kisha ongeza swali ambalo fomu nyingi hazina: huyu mtu akiacha kumhudumia sasa hivi, ataishi salama kwa muda gani? Anayetegemea insulini hana siku nyingi. Mwenye kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege zisizokoma. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kibofu kikijaa bila mkojo kutolewa, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla hadi kuhatarisha maisha. Kwa wanawake hawa mtesi hahitaji silaha, kwa sababu kutokufanya kitu kunatosha. Kama muda huo ni wa saa na si wa siku, hali ni ya dharura hata kama hakuna aliyepigwa.

Hatua ya 6: Panga usalama kuanzia huduma

Hii ndiyo hatua ya kukalia muda mrefu. Chukueni siku moja ya kawaida, tangu anapoamka hadi usiku wa manane, mpitie kila jambo analosaidiwa: kugeuzwa, kunyanyuliwa, choo, kuoga, kuvaa, kula, dawa, kutoka nje, kusomewa, kutafsiriwa. Mbele ya kila jambo wekeni jina la mtu mwingine anayeweza kulifanya, na la pili wa akiba. Pasipo na jina ndipo mpango utakapovunjikia, kwa hiyo patafutiwe ufumbuzi kabla ya siku ya kuondoka: shangazi, mwanachama mwenzake wa chama cha watu wenye ulemavu, msaidizi kupitia ustawi wa jamii, hata kulazwa hospitali kwa muda mfupi kama daraja. Karatasi hiyo isikae nyumbani kwake.

Waliochaguliwa wafundishwe mapema. Kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti kuna namna yake, na asiyejua anaweza kumuumiza au kumwangusha. Mwalimu wa kwanza ni mwanamke mwenyewe, anayeujua mwili wake.

Begi la dharura litunzwe kwa mtu anayeaminika. Liwe na dawa za wiki moja au zaidi zikiwa na maelezo ya kipimo, nakala ya cheti cha daktari, vitambulisho, kadi ya bima, vyeti vya watoto, fedha kidogo na namba za simu zilizoandikwa kwa njia anayoweza kuisoma mwenyewe. Ongeza mipira ya mkojo, pedi au nepi, fimbo ya akiba, betri za shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), chaja ya kiti cha umeme na ubao wa mawasiliano. Chaja ni rahisi kusahau, na kiti kizito kisicho na chaji hakiendi popote. Kama dawa zinahesabiwa na mtesi, zungumza na daktari au mfamasia ziandikwe za akiba, kwani kuchota kidogo kidogo kutoka kwenye chupa kunaweza kumponza na pia kumpunguzia kipimo.

Njia ya kutoka ijaribiwe. Mlango upi hauna ngazi? Gari litakalokuja lina nafasi ya kiti? Dereva anajua kukikunja? Asiyeona ahesabu hatua na kuizoea njia kabla ya siku yenyewe. Chunguzeni pia namba za dharura mtakazozitegemea: nyingi hupokea sauti tu, kwa hiyo kiziwi au asiyezungumza anahitaji njia ya ujumbe, au jirani waliyekubaliana naye ishara, kama taa ya dirisha fulani kuwashwa mara kadhaa mfululizo. Neno la siri nalo lifae hali yake. Kwa mwenye ulemavu wa akili liwe moja, na mlirudie mpaka alizoee.

Kama hataki kuondoka, mpango bado unahitajika. Funguo ya akiba, kitu cha kumfikisha kwenye kiti usiku, mtu wa kumtembelea kwa saa zisizotabirika, daktari anayejua kinachoendelea. Kila jicho la nje linaloingia nyumbani linapunguza uhuru wa mtesi.

Hatua ya 7: Matibabu yanayokimbizana na saa

Akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5, nguvu yake ikipungua kadiri muda unavyopita. Asizuiwe kwa dhana kwamba mwanamke mwenye ulemavu hashiriki ngono au hapati mimba. Kama anatumia dawa za kifafa, amwambie mhudumu, kwani baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

Asiyehisi sehemu ya mwili akaguliwe mwili mzima kwa ridhaa yake, maana anaweza kuwa na mfupa uliovunjika bila kusikia maumivu. Na ridhaa inatoka kwake, si kwa aliyemleta.

Hatua ya 8: Polisi na mahakama

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazibana nchi zilizouridhia. Ibara ya 12 inamtambua mwenye ulemavu kuwa mtu kamili mbele ya sheria, ya 13 inadai aweze kuifikia haki, pamoja na marekebisho ya taratibu anayoyahitaji, na ya 16 inataka alindwe dhidi ya ukatili ndani na nje ya nyumba. Zitaje bila woga ofisa akisema "tutazungumza na ndugu zake kwanza".

Omba mapema mkalimani, chumba tulivu, mapumziko, na mtu wa kukaa naye anapotoa maelezo. Asiyeona asomewe maelezo yote neno kwa neno na mtu asiye na maslahi kabla ya kuweka alama yake.

Ushahidi wa ukatili huu uko kwenye vitu: fimbo iliyovunjwa, kiti kilichopondwa, chupa ya dawa iliyojaa wakati ilipaswa kuwa imekwisha, taarifa za benki, vidonda vilivyorekodiwa hospitali. Vipigwe picha, vitunzwe.

Mahakama ikiombwa amri ya ulinzi, ielezwe kwa kina. Itaje kwamba mtesi haruhusiwi kugusa wala kuchukua kiti, simu, dawa au mnyama wa kumwongoza. Na kama nyumba imeshajengewa njia ya kiti na choo kinachofaa, ombeni mtesi ndiye aondolewe. Hilo naliona kuwa haki iliyo wazi kabisa, kwani mwanamke huyu akitolewa humo anaweza kumaliza miaka asipate nyumba nyingine anayoweza kuoga bila kubebwa.

Hatua ya 9: Nyumba salama, ikibidi

Usitosheke na jibu la "tunapokea wote". Uliza upana wa mlango wa choo, kama kuna ngazi, kama msaidizi wake anaruhusiwa kulala naye, nani anajua lugha ya alama, dawa zinatunzwaje, kama king'ora cha moto kina taa ya kumwamsha kiziwi. Nyumba isiyokidhi huweza kukidhi kwa ubao wa njia ya mteremko, kiti cha kuogea na msaidizi wa saa chache, mradi iambiwe kabla hajafika.

Hatua ya 10: Baada ya siku za mwanzo

Hamisha fedha zake za msaada ziingie kwenye akaunti anayoimiliki yeye. Badilisha jina la mtu wa kuwasiliana naye hospitali, maana wodi ikimpigia mtesi simu kumkumbusha tarehe ya kliniki, siri imevuja. Badilisha nywila za simu na programu za mawasiliano, na ukague kama kuna kifaa cha kumfuatilia kwenye kiti au begi. Kama mtesi alikuwa msaidizi wa kulipwa, taarifa ifike kwa aliyemwajiri, kwani ataenda kuhudumia mwingine.

Msaidizi mpya naye asiachiwe kila kitu. Huduma igawanywe kwa watu wawili au zaidi, na mwanamke awe na mtu wa nje anayeongea naye peke yake mara kwa mara. Muulize mwanamke jinsi huyo msaidizi mpya anavyomtendea, kwa swali lile lile la wazi la mwanzo. Akirudi kwa mtesi, usikate mawasiliano: hakikisha tu anajua begi lipo kwa nani, na dawa zilizomo hazijapita muda wake.